Hela ya Tabora

Neno "hela", ambalo kila mtu hulitamka katika soko la Dodoma pasipo kuuliza asili yake, lilikuwa jina la sarafu. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliigawa rupia yake katika hela 100. Utawala ule umekwisha zamani, jina limebaki; na sarafu zenyewe zimo bado katika masanduku ya wazee. Azikusanyaye hana budi kujua namna ya kuzipima.

Nyingi zilifuliwa Ulaya, lakini za mwaka 1916 zilizaliwa katika uwanda huu wa kati. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimeifunga pwani, sarafu mpya haziingii, na vita vinadai malipo. Ndipo kazi ya kufua sarafu ilipoanzishwa Tabora, katika karakana ya reli. Hela 20 zilifanywa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano, maganda ya mizinga yakiwa miongoni mwa madini yaliyoyeyushwa. Rupia 15, zenye sura ya tembo mbele ya milima, zilifanywa kwa dhahabu ya Sekenke, katika Iramba: sarafu 16,198 tu, kila moja gramu 7.168. Julai mwaka huo Waingereza waliitwaa Dodoma. Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora.

Mgeni wa kazi hii akiiona hela ya Tabora, taji limefifia na herufi hazikukaa sawa, hudhani imelika. Walakini kufifia huko aghalabu si uchakavu. Mihuri ilichongwa kwa haraka, ikavunjika, ikabadilishwa mara kwa mara, hata taji likawa kubwa katika sarafu moja na dogo katika nyingine. Uchakavu wa mikono hulainisha kwanza sehemu zilizoinuka. Udhaifu wa mhuri huuacha uso wa madini na ukwaruzo wake wa asili. Asiyejua tofauti hiyo huiuza nzima kwa bei ya mbovu. Ama sarafu ya dhahabu, iwekwe kwanza katika mizani, kwa kuwa ya bandia huigiza sura kwa wepesi kuliko uzito.

Lakini adui mkubwa wa sarafu ni usafi. Kijana mmoja aliniletea hela 20 ya Tabora aliyoisugua kwa mchanga na ndimu hata ikang'aa kama kikombe kipya. Alitaraji bei kubwa; ilinipasa kumwambia kwamba thamani aliyoitafuta ndiyo aliyoisugua. Nikamwuliza ilikotoka. Akasema aliiacha babu wa baba yake, aliyekuwa mpagazi wakati wa vita.

Niliyaandika maneno hayo katika karatasi, nikaifunga sarafu ndani yake, nikamrudishia. Rangi ya miaka mia haiwezi kurudishwa. Habari ya mpagazi yule ingaliweza kupotea vilevile, na kwa hasara kubwa zaidi. Basi akusanyaye sarafu aanze kwa kuuliza na kuandika, kisha ndipo atazame madini.