Gitaa la mashoto, kutoka Shirati hadi Woodstock

Kwenye nyatiti ya Wajaluo mikono yote miwili huchuna. Nyuzi nane ziko wazi, hakuna shingo ya kubana. Gitaa ndilo lililoleta mgawanyo mpya kando ya Ziwa Victoria: kushoto kubane, kulia kuchune.

Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati mkoani Mara mwaka 1940, alikuwa miongoni mwa waliohamishia mapigo ya nyatiti kwenye gitaa la umeme, na benga ya bendi yake, Shirati Jazz, ikavuma pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya pale Sirari. Mwanza, vijana wengi walilishika gitaa kanisani, na kwaya kama ya Vijana ya AIC Makongoro zikalipa gitaa la solo nafasi kubwa. Katika safari yote hiyo mtu wa mashoto aliambiwa maneno yale yale: zoea kulia.

Wapo waliokataa. Elizabeth Cotten wa North Carolina, Marekani, aligeuza gitaa bila kugusa nyuzi, besi zikawa chini. Akapiga besi kwa vidole na wimbo kwa dole gumba. Mtindo huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Albert King naye aliacha nyuzi zilivyo, akawa anazivuta kuelekea chini pale ambapo wenzake wanazisukuma juu.

Paul McCartney, kijana wa Liverpool, aligeuza nyuzi zenyewe. Hapo akakutana na tatizo ambalo kila fundi analijua. Juu ya shingo kuna kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita, mipana kwa besi, myembamba kwa nyuzi za juu. Ukigeuza nyuzi tu, uzi mnene unakaa juu juu, na mwembamba unachezacheza ndani ya mfereji mpana. McCartney alichonga kijiti cha kibiriti akauziba. Kwa gitaa la kujifunzia, dawa hiyo bado inafaa; kwa gitaa la jukwaani, kipande kingine kichongwe.

Kazi haiishii hapo. Kishikizo cha mkanda kihamie pembe ya pili. Kwenye daraja, vitegemeo vya nyuzi visogezwe kwa bisibisi mpaka uzi uliobanwa freti ya 12 utoe sauti ya uzi wazi, oktevu moja juu. Swichi na vitufe vya sauti vitabaki upande wa juu, vikigusana na mkono. Hilo mpigaji atalizoea.

Jimi Hendrix alipiga Stratocaster ya mkono wa kulia namna hiyo kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, mwaka 1969. Pikapu (kinasa sauti) ya karibu na daraja imewekwa mshazari, kwa hiyo baada ya kugeuzwa ilinasa besi karibu zaidi na daraja na nyuzi nyembamba mbali nalo: besi zikakaza, za juu zikalainika. Kwangu mimi huo ni ushahidi tosha kwamba gitaa lililogeuzwa halina upungufu. Lina sauti yake.

Walimu wa kwaya wa Mwanza, Geita na Musoma, mkipata mwanafunzi wa mashoto, gitaa lifike kwa fundi kabla ya somo la kwanza. Na kile kipande cha zamani kitunzwe, maana atakayelirithi huenda akawa wa kulia.