Kusoma Chuo Kikuu Bila Digrii: Historia ya Swali la "Utapata Cheti Gani?"

Mwambie mtu kwamba umeanza kuhudhuria masomo ya chuo kikuu jioni baada ya kazi. Swali la kwanza atakalokuuliza unalijua: "Utapata cheti gani?" Ukijibu kwamba hakuna cheti, unasoma tu historia au uchumi kwa sababu unataka kuelewa, atakuangalia kama mtu anayepoteza nauli.

Swali hilo lina historia ndefu, na si swali la kijinga. Kwa zaidi ya miaka 150 watu wazima wamekuwa wakiingia madarasa ya chuo kikuu bila kufuata digrii. Wengine walifanya hivyo kwa hiari. Wengine walifanya hivyo kwa sababu mlango wa digrii ulikuwa umefungwa. Makundi haya mawili tukiyachanganya, hatutaelewa kwa nini masomo ya namna hii yalistawi na kwa nini baadaye karibu yote yaligeuka kuwa kozi za vyeti. Kwa hiyo twende taratibu.

Mhadhiri anayepanda treni

Mwaka 1867 James Stuart, msomi wa Cambridge mwenye umri wa miaka 24, alialikwa kufundisha wanawake katika miji minne ya kaskazini mwa Uingereza: Leeds, Liverpool, Manchester na Sheffield. Wengi wao walikuwa walimu au walitaka kuwa walimu. Kwenda Cambridge wenyewe hawakuweza. Na usidhani kikwazo hicho kiliondoka haraka, maana Cambridge ilikuja kuwapa wanawake digrii kamili mwaka 1948. Kwa hiyo mwanamke wa mwaka 1867 aliyesoma bila digrii hakuwa amechagua. Hakukuwa na kitu kingine cha kuchagua.

Siku zile, kijana wa kiume kuulizana maswali ana kwa ana na ukumbi mzima wa wanawake lilionekana jambo lisilo la heshima. Stuart akatafuta njia ya kuzunguka: akachapisha maswali, wanafunzi wakayajibu kwa maandishi, naye akasahihisha na kuwarudishia. Kumbe kazi za kuandika zinazokukosesha usingizi leo zilipata njia kwenye masomo haya kwa sababu ya adabu za ukumbini!

Jambo la pili lilitokea Rochdale, mji wa viwanda vya nguo, alikokuwa akifundisha wanaushirika. Siku moja alimwomba mtunza ukumbi asiondoe michoro yake ukutani hadi wiki inayofuata. Aliporudi aliambiwa kwamba watu walikuwa wakikusanyika mbele ya michoro ile kuijadili, na sasa walitaka kumwona kabla ya mhadhara wamuulize maswali. Hapo ndipo Stuart alipoona kwamba mhadhara peke yake hautoshi, lazima pawe na muda wa mazungumzo. Mwaka 1873 Cambridge ilikubali rasmi mpango wake, ikaanza na miji ya Nottingham, Derby na Leicester. London ikafuata mwaka 1876, Oxford mwaka 1878.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Mihadhara ililipiwa na wasikilizaji wenyewe, na ada ilikuwa kubwa kwa mtu wa kiwandani. Viti vingi vikakaliwa na watu wa tabaka la kati.

Mkataba wa miaka mitatu

Aliyelishika tatizo hilo ni Albert Mansbridge, karani wa ushirika aliyeacha shule akiwa na miaka 14. Mwaka 1903, pamoja na mke wake Frances, alianzisha chama cha elimu ya wafanyakazi, kinachojulikana hadi leo kwa kifupi chake, WEA. Hakuomba wafanyakazi wapewe mihadhara rahisi. Alitaka wapate masomo ya kiwango kilekile cha wanafunzi wa ndani ya chuo.

Januari 1908 Oxford ikamtuma kijana aitwaye R. H. Tawney kufundisha historia ya uchumi. Ijumaa jioni alikuwa Longton, mji wa wafinyanzi, na Jumamosi alikuwa Rochdale. Masharti yalikuwa magumu kuliko ya kozi nyingi za leo: darasa dogo la watu kama 30, saa 2 kila wiki, wiki 24 kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Saa moja mhadhara, saa moja mjadala, na insha kila baada ya wiki mbili. Mwisho wa yote hayo hakuna mtihani, hakuna digrii.

Hebu fikiria. Umeshinda kwenye tanuru la kuchomea vyombo, mikono imechoka, halafu usiku unaandika insha kuhusu Uingereza ya karne ya 16 ambayo haitakuongezea hata senti kwenye mshahara. Kwa nini mtu afanye hivyo?

Jibu moja tunaliona katika yale waliyoyafanya baadaye. Baadhi ya wanafunzi wa Longton walianza kwenda kufundisha kwenye vijiji vya wachimba makaa wa jirani, na kufikia mwaka 1911 kazi hiyo ilikuwa imekuwa harakati kamili ya elimu ya wachimbaji. Jibu jingine liko kwa mwalimu. Tawney alipotoa kitabu chake kuhusu suala la ardhi katika karne ya 16, mwaka 1912, aliandika kwenye dibaji kwamba wafinyanzi, wafumaji na wachimbaji wale walimfundisha mengi kuhusu siasa na uchumi. Miongo kadhaa baadaye jambo kama hilo lilimtokea E. P. Thompson. Alikuwa akifundisha watu wazima jioni kupitia Chuo Kikuu cha Leeds alipoandika historia yake maarufu ya tabaka la wafanyakazi wa Uingereza, iliyotoka mwaka 1963. Yaani mwanafunzi asiyetafuta digrii alikuwa na uhuru ambao mwenye digrii hana: kumbishia mwalimu bila kuhofia alama.

Siyo wote walioridhika. Mwaka 1909 wanafunzi wa Ruskin College, chuo cha wafanyakazi kilichoanzishwa Oxford mwaka 1899, waligoma. Mkuu wao alikuwa ameondolewa, nao waliona chuo kinavutwa karibu mno na Chuo Kikuu cha Oxford. Walihoji hivi: nani anaamua tusome nini, na kwa faida ya nani? Baadhi yao walijitenga wakaanzisha chuo chao.

Kutoka Ruskin hadi Kigamboni

Hapa historia inavuka bahari, na siyo kwa kubahatisha. Makerere ilianzisha idara ya masomo ya nje ya chuo mwaka 1953, kwa mfano wa vyuo vya Uingereza. Mwaka 1960 tawi lake lilifunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1963 likahamia chini ya chuo kikuu kipya cha Dar es Salaam. Hilo ndilo chimbuko la Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopata sheria yake na kujitegemea mwaka 1975.

Mwaka 1961 kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni, kwa mfano wa Ruskin. Joan Wicken, aliyesaidia kukusanya fedha za kukijenga, alikuwa mwenyewe amesoma Ruskin. Kivukoni kilipokea watu wazima kutoka vyama vya wafanyakazi, ushirika, TANU na serikali, wakasoma uchumi, siasa na historia. Hakikutoa digrii.

Sasa rudi kwenye swali letu. Nchi ndiyo kwanza inapata uhuru, na chuo kikuu kinaanza na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU. Nafasi za kazi zilizoachwa na wakoloni zinahitaji watu wenye vyeti. Mtu wa wakati ule aliyeuliza "utapata cheti gani?" alikuwa anahesabu sawasawa. Kwa Mwingereza wa Longton, kukosa mtihani kungeweza kuwa uhuru. Kwa karani wa Dar es Salaam kungeweza kuwa na maana ya kubaki karani.

Palikuwa na hatari nyingine pia. Mwaka 1971 Kivukoni kilifanywa chuo cha itikadi cha TANU. Mtihani siyo kitu pekee kinachoweza kuubana mjadala. Msimamo wa chama unaweza kuubana vilevile.

Njia ilielekea wapi?

Ukiangalia mwisho wa kila habari hapa, utaona mkondo mmoja. Masomo ya Nottingham yalizaa chuo mwaka 1881, ambacho leo ni chuo kikuu. Harakati za Longton na wachimbaji zilichangia kuzaliwa kwa chuo cha Keele mwaka 1949, nacho ni chuo kikuu. Kivukoni mwaka 2005 kikawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kinachotoa hadi digrii. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo inatoa vyeti, stashahada na digrii. Uingereza kwenyewe, miaka ya 1990 fedha za umma zilielekezwa zaidi kwenye kozi zenye alama zinazohesabika, na madarasa ya aina ya Tawney yakapungua sana.

Sisemi hili ni anguko. Wajukuu wa watu waliofungiwa mlango sasa wanaingia, na hayo ni maendeleo ya kweli. Ila mlango wa digrii ulipofunguka, ule mwingine wa pembeni uliachwa ujifunge polepole, na wachache waligundua. Ulikuwa mlango wa fundi, muuguzi au mama mstaafu anayetaka kukaa na mwanahistoria miaka mitatu, kuandika, kusahihishwa na kubishana.

Mihadhara ya bure mtandaoni tunayo tele. Lakini ukilinganisha na Rochdale, utaona kwamba mara nyingi inatupa michoro ukutani bila wale watu waliokusanyika mbele yake. Kwa hiyo ukiona tangazo la mhadhara wa wazi chuoni au kozi fupi ya jioni, uliza kuhusu cheti, ni haki yako. Kisha uliza maswali mawili zaidi: nani atasoma nitakachoandika, na je, kutakuwa na saa ya pili, ile ya mjadala?

Kama saa hiyo haipo, watu watano na kitabu kimoja mnaweza kuianzisha wenyewe. Wale wa Rochdale walianza kujadili kabla mwalimu hajarudi.