Jinsi ya kuchagua chombo cha kuchachushia bia ya laga

BIA aina ya laga huchukua muda mrefu kukomaa kuliko aina nyingine nyingi za bia. Jina lenyewe latokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuhifadhi, kwa kuwa watengenezaji wa Bavaria waliiacha itulie kwa miezi kadha katika mapango na vyumba baridi vya chini ya ardhi.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuitengeneza nyumbani hana budi kukipa chombo uzito unaostahili. Kasoro isiyoonekana katika kinywaji kinachonywewa baada ya siku chache, kama vile busaa, hujitokeza wazi katika bia iliyokaa chomboni kwa wiki sita au zaidi.

Joto na ukubwa

Hamira ya laga hufanya kazi vyema katika nyuzijoto kati ya 8 na 13 za Selisiasi. Uchachushaji mkuu ukiisha, baada ya wiki mbili au tatu hivi, bia hushushwa hadi karibu na nyuzi 0 na kuachwa itulie kwa wiki nne au zaidi. Hata jijini Nairobi, joto la kawaida la nyumba hupita kiwango hicho. Jokofu basi ni lazima, na ni heri kupima nafasi iliyo ndani yake kabla ya kununua chombo.

Aidha, chombo hakifai kujazwa pomoni kwani povu hupanda. Lita 20 za maji ya kimea huhitaji chombo cha lita 25 hadi 30. Hata hivyo, nafasi hiyo hiyo huwa na madhara wakati wa kuhifadhi, kwa kuwa hewa iingiapo huiharibu bia ladha.

Plastiki, kioo au chuma?

Ndoo ya plastiki ni nyepesi, ya bei nafuu na rahisi kusafisha. Inapasa iwe mpya na iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Udhaifu wake ni kwamba oksijeni hupenya plastiki polepole, na mikwaruzo ya ndani huficha bakteria. Isisuguliwe kwa brashi ngumu wala steelwuli.

Chupa kubwa ya kioo haipitishi hewa wala haikwaruziki kwa urahisi. Lakini ni nzito, huteleza ikiwa na maji, na ikipasuka huweza kumjeruhi mtu vibaya. Haifai kumiminiwa kitu cha moto. Vilevile yapasa kufunikwa, kwani mwanga huathiri hopsi na kuipa bia harufu mbaya.

Chuma cha pua hushinda vyote kwa kudumu, kuzuia hewa na mwanga, na kustahimili usafishaji. Kikwazo ni bei.

Kwa anayeanza, njia ya busara ni kutumia ndoo katika uchachushaji mkuu, kisha kuihamishia bia taratibu, bila kuitibua, katika chombo cha kioo au chuma cha pua kinachokaribia kujaa. Humo ndimo itakamosubiri wiki zilizobaki.

Vyombo vya kuepukwa

Mitungi na mapipa yaliyowahi kubeba kemikali, dawa za mimea au mafuta yasitumiwe kamwe, hata yakioshwa mara ngapi. Hali kadhalika, vyombo vya mabati yaliyopakwa zinki ni hatari: bia ina asidi, nayo huyeyusha zinki hiyo na kuweza kumdhuru mnywaji.

Chombo chochote kitakachochaguliwa kisizibwe kabisa, isipokuwa kiwe kimeundwa kuhimili shinikizo na kina vali ya usalama. Hamira hutoa gesi ya kaboni kwa wingi, na chombo kilichofungwa huweza kulipuka. Kizibo chenye kijibomba kilichotiwa maji huiruhusu gesi kutoka huku kikizuia hewa na wadudu kuingia. Chumba nacho kiwe na madirisha ya kupitisha hewa.

Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza kutengeneza au kuuza kileo bila leseni. Yafaa suala hilo lishughulikiwe kabla ya pesa kutumiwa kununua hata ndoo moja.