Walimu wa Lugha Waliotoka Mbali

Katika parokia yetu tumepata padri mpya, kijana, mzaliwa wa nchi ya mbali. Siku alipofika alijua «Jambo» na «Asante» tu. Padri mkubwa akamtafutia mwalimu wa Kiswahili. Watu wengi walidhani atamchagua mmoja wa wale wenye diploma kubwa. Hakufanya hivyo. Alimwita mzee mmoja aliyefika kwetu na jamaa yake kwa ajili ya vita. Mzee huyo alikuwa mwalimu wa masomo ya msingi kwao. Anasema Kinande, Kiswahili, Lingala na Kifaransa.

Mara manung'uniko yakaanza mbele ya mlango wa kanisa. «Mkimbizi atafundisha nini? Hata nyumba hana.»

Mimi katekista wenu sikujibu siku ile. Lakini nilikumbuka habari niliyoisoma zamani nikiwa seminarini, habari ya Waafrika waliofundisha lugha mjini Roma. Nao walikuwa watu wasio na nyumba. Leo nataka kuwasimulia. Mkiisha kusoma, amueni wenyewe.

I. Nyumba ya wageni nyuma ya Mtakatifu Petro

Mjini Roma, nyuma ya Basilika ya Mtakatifu Petro, lipo kanisa dogo la kale linaloitwa Mtakatifu Stefano wa Wahabeshi. Tangu karne ya 15 Mapapa waliwapa Wakristu wa Etiopia kanisa hilo na nyumba iliyo karibu nalo. Wengi walikuwa watawa waliokwenda kuhiji Yeruzalemu, kisha wakaendelea mpaka Roma kusali kwenye makaburi ya Mitume. Walitembea miezi mingi, wakavuka jangwa na bahari. Walipofika, hakuna aliyeijua lugha yao.

Mwaka 1511 padri mmoja Mjerumani, Johannes Potken wa mji wa Köln, alikuwa Roma. Akawasikia watawa hao wakiimba Zaburi. Hakufahamu neno, lakini katikati ya wimbo alitambua jina la Bikira Maria, na majina ya Mitume na ya watakatifu. Moyo wake ukashtuka. Hawa watu weusi wanaitaja imani yake mwenyewe kwa lugha asiyoijua! Akatafuta mtu wa kumfundisha, akampata mtawa mmoja, Tomas, mwana wa Samueli, mhaji aliyetoka Yeruzalemu.

Lugha ile ni Kige'ez. Ni lugha ya Misa na ya vitabu vitakatifu vya Etiopia, kama vile Kilatini kilivyokuwa kwetu. Potken alikosa jambo moja: alidhani ni Kikaldayo. Lakini kwa msaada wa mwalimu wake alifanya kazi kubwa. Mwaka 1513 Zaburi za Kige'ez zilipigwa chapa Roma. Kitabu hicho ndicho cha kwanza kupigwa chapa kwa lugha hiyo. Basi, mwalimu alikuwa mhaji maskini wa Afrika, na mwanafunzi alikuwa padri msomi wa Ulaya.

II. Tasfa Seyon, mtawa aliyekimbia vita

Baada ya hapo msiba mkubwa uliipata Etiopia. Tangu mwaka 1529 mpaka 1543 majeshi ya Ahmad bin Ibrahim, anayeitwa Gragn, maana yake mwenye shoto, yaliipiga nchi. Makanisa yalichomwa na vitabu viliteketea. Monasteri kubwa ya Debre Libanos iliteketezwa mwaka 1531.

Katika monasteri hiyo alikuwako mtawa jina lake Tasfa Seyon, maana yake Tumaini la Sioni. Alifika Roma pamoja na wenzake wachache, akakaa katika nyumba ile ya Mtakatifu Stefano. Papa Paulo III akamwonea huruma. Mtu mwingine angekaa akilia tu. Tasfa Seyon alifikiri hivi: kitabu kimoja kilichoandikwa kwa mkono kikiungua, kimekwisha, lakini vitabu vilivyopigwa chapa kwa wingi, moto hauwezi kuvimaliza vyote. Kwa hiyo mwaka 1548 na 1549 alipigisha chapa Agano Jipya kwa Kige'ez.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu ajabu. Wapiga chapa hawakujua kusoma Kige'ez, na watawa hawakujua kazi ya kupiga chapa. Katika kitabu chenyewe waliomba wasomaji wawasamehe makosa, wakaeleza kwamba walisaidiana kama vipofu wanavyosaidiana. Nani kati yetu makatekista hajajua kazi ya namna hiyo?

Lakini Tasfa Seyon hakufanya kitabu peke yake. Alifundisha pia. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa padri Mwitalia, Mariano Vittori, ambaye baadaye alifanywa askofu. Mwaka 1552 Vittori alitoa sarufi ya kwanza ya Kige'ez iliyopigwa chapa. Hivi wazungu wa Ulaya walianza kujifunza lugha ya Etiopia kwa kitabu. Na chanzo cha kitabu hicho kilikuwa kinywa cha mtawa aliyefukuzwa kwao na vita.

III. Abba Gorgoryos na kijana wa Erfurt

Sasa twende mbele miaka 100. Huko Etiopia mfalme Susenyos alikuwa amepokea imani ya Kikatolika mwaka 1622. Lakini watu wengi hawakutaka kuiacha desturi ya kanisa lao, na damu nyingi ilimwagika. Mwaka 1632 mfalme akaacha ufalme. Mwanawe Fasiladas akawafukuza mapadri Wayezuiti, na Wahabeshi walioshikamana nao wakaingia taabuni. Mmoja wao alikuwa Abba Gorgoryos, padri mwenye elimu, mzaliwa wa Makana Selasse katika nchi ya Amhara. Aliacha kila kitu. Mwisho wa safari zake alikuwa Roma, katika nyumba ileile ya Mtakatifu Stefano.

Mwaka 1649 alikuja kijana Mjerumani, Hiob Ludolf, mzaliwa wa Erfurt, umri wake miaka 25. Hakuwa Mkatolika, alikuwa wa Kiprotestanti. Tangu ujana alipenda lugha kuliko fedha. Kige'ez alijifunza peke yake vitabuni, bila kumsikia mtu hata mmoja akikisema. Alipofungua kinywa mbele ya Wahabeshi, hao walijikaza wasicheke, maana matamshi yake yalikuwa ya ajabu. Lakini alipoanza kufasiri maandiko yao, wakastaajabu. Wakampeleka kwa Abba Gorgoryos.

Hapo shida ikazidi. Gorgoryos alijua Kiamhara, lugha ya nyumbani kwake, alijua Kige'ez, alijua Kireno kwa sababu ya Wayezuiti. Ludolf alijua Kilatini, Kiitalia na lugha nyingine nyingi, lakini siyo Kireno. Mwanzo Antonio d'Andrade, aliyekuwa na damu ya Kireno na ya Kihabeshi, aliwafasiria. Kisha walishika shauri moja: waseme Kige'ez wao kwa wao. Lakini Kige'ez ni lugha ya kusali na kusoma; hata Gorgoryos hakuizoea kwa mazungumzo ya kila siku. Tazameni jambo hili, ndugu zangu: mwalimu na mwanafunzi wote wawili walianza kugugumia kama watoto.

Mwaka 1652 mtawala wa Gotha, Ernst, aliyeitwa Mchaji, alimwita Gorgoryos kwake Ujerumani. Naye alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 50, lakini alisafiri, akavuka milima ya Alpi, akakaa katika jumba la Friedenstein wakati wa kiangazi cha huko. Mtawala alimwuliza mambo mengi juu ya imani, mito, wanyama, wafalme na desturi za Etiopia. Gorgoryos alijibu, na Ludolf aliandika.

Kazi hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1661 Ludolf alitoa sarufi na kamusi ya Kige'ez. Mwaka 1681 alitoa historia ya Etiopia. Mwaka 1698 alitoa sarufi ya kwanza ya Kiamhara iliyopigwa chapa. Tena Ludolf hakumficha mwalimu wake. Alimtaja jina, na sura yake akaitia katika kitabu, watu wa Ulaya waione.

Gorgoryos mwenyewe hakuviona vitabu hivyo. Baada ya Gotha alirudi Roma, na barua zikaendelea kwenda na kurudi. Lakini moyo wake ulikuwa kwao. Mwaka 1658 alianza safari ya kurudi Etiopia. Karibu na Iskenderun, katika bahari ya Mediterania, chombo chake kilivunjika, akafa maji. Mungu amrehemu.

IV. Kwa nini walifundisha?

Hapa tujiulize: watu hawa walisukumwa na nini?

Tusiseme uongo kwa kutaka kuwasifu. Sababu moja ilikuwa mahitaji. Mgeni hana shamba wala ukoo wa kumtegemea. Alicho nacho ni ulimi wake. Gorgoryos na wenzake waliishi kwa sadaka ya Papa na ukarimu wa rafiki. Kula kwa kazi ya ulimi si aibu. Hata Mtume Paulo alishona mahema.

Sababu ya pili ilikuwa upendo wa watu wao. Tasfa Seyon aliona vitabu vya nchi yake vimeungua, akataka Neno la Mungu lisipotee kwao.

Sababu ya tatu ilikuwa ukweli. Wakati ule Ulaya ilijaa hadithi juu ya Etiopia, juu ya mfalme-padri Yohane na utajiri wake usio na mwisho. Gorgoryos alikuwa na nafasi ya kusema: nchi yetu si hadithi, ni nchi ya watu wenye sheria, wenye vitabu, wenye njaa na furaha. Ndiyo maana alivumilia maswali ya kila siku.

Lakini nadhani iko sababu iliyo chini ya hizo zote. Kila mmoja wao alikuwa amepata kuwa mwanafunzi katika nchi ya wengine. Alijua haya ya kukosea neno mbele za watu. Alijua furaha ya kufahamiwa mara ya kwanza. Mtu ambaye hakutoka kijijini kwake anaweza kusema lugha yake vizuri sana, lakini hajui neno gani ni gumu kwa mgeni, maana kwake yote ni mepesi. Aliyejifunza lugha nne kwa taabu anajua mawe yaliyo njiani, kwa sababu yalimkwaa yeye kwanza.

Basi narudi kwa mzee wetu. Kila asubuhi baada ya Misa nawaona yeye na padri kijana wameketi chini ya mwembe. Padri anasema neno, mzee anatikisa kichwa, padri anarudia. Jumapili iliyopita padri alisoma Injili kwa Kiswahili mara ya kwanza. Alitaka kusema «kondoo», akasema «kondo». Vijana wakacheka. Mzee naye alicheka kidogo, kisha akamtazama padri, akaitikia kwa kichwa: endelea. Naye akaendelea mpaka mwisho.

Wanaouliza mkimbizi atafundisha nini, waje waketi chini ya mwembe ule asubuhi moja. Tena wakija, wamletee mzee kiti kizuri na unga kidogo kwa ajili ya watoto wake, maana mwalimu anastahili ujira wake.