Tairi ya Theluji Ilizaliwa kwa Ajili ya Malori, Sasa Pikapu za Umeme Zimeirudisha Darasani

Umewahi kuona gari limeshushwa bandarini Dar au Mombasa kutoka Japani, tairi zake zimejaa mikato myembamba kama zimechanjwa na wembe? Hizo mara nyingi ni tairi za theluji. Kwenye lami ya moto ya Afrika Mashariki zinaisha fasta maana mpira wake ni laini sana. Kule zilikotoka, huo ulaini na hiyo mikato ndiyo huamua gari lisimame au liende na korongo.

Zamani hakukuwa na kitu kama hicho. Madereva wa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wakifunga kamba kwenye magurudumu, wengine hata mizabibu, ilimradi gari lisiteleze. Jamaa mmoja wa jimbo la New York aliwatazama, akaona kumbe hapo pana biashara. Mwaka 1904 akapata hataza ya minyororo ya tairi. Minyororo ipo mpaka leo, ila ni kazi kweli: unashuka kwenye baridi, unapiga magoti kwenye theluji, unafunga, ukifika palipokauka unafungua tena.

Waliochoka na hiyo habari ni Wafini. Mwaka 1934 kiwanda kimoja cha mpira nchini Ufini, ambacho leo dunia inakijua kama Nokian, kilitoa tairi iliyoitwa Kelirengas, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa tairi ya kwanza ya msimu wa baridi. Cha kushangaza, haikutengenezwa kwa magari ya matajiri. Ilikuwa ya malori. Kashata zake zilikatwa kwa kukingama, zikawa zinakwangua theluji kama jembe badala ya kupita juu juu. Miaka miwili baadaye, 1936, ikaja ya magari madogo ikiitwa Hakkapeliitta, jina la wapanda farasi wa Kifini waliopigana upande wa Uswidi kwenye Vita vya Miaka Thelathini. Jina hilo bado liko sokoni.

Shida ikabaki moja. Theluji na barafu ni vitu viwili tofauti. Theluji unaweza kuikwangua, barafu inakucheka. Miaka ya 1960 dawa yake ikaonekana imepatikana: misumari midogo ya chuma iliyopandikizwa kwenye mpira, wazo lile lile la njumu za mchezaji wa mpira. Ikashika barafu vizuri mno. Kwa mtu anayeshuka mlima usiku na familia nyuma, hapo hakuna mjadala.

Mjadala ulikuwa kwa barabara yenyewe. Ile misumari ilikuwa inaitafuna lami mpaka inaacha mifereji, ndipo Ujerumani Magharibi ikaipiga marufuku mwaka 1975. Japani balaa lilikuwa baya zaidi. Majira ya theluji miji ya kaskazini, Sendai ikiwemo, ilifunikwa na vumbi la lami iliyosagwa, na watu wakalivuta mapafuni. Kifaa kilichomsaidia dereva asife kilikuwa kinamdhuru mtembea kwa miguu. Mwaka 1990 Japani ikapitisha sheria ya kuzuia vumbi hilo. Kwa bahati, 1988 Bridgestone walikuwa wameshatoa Blizzak, tairi isiyo na msumari hata mmoja. Mpira wake una vitundu vidogo vidogo vinavyonyonya ule utando wa maji juu ya barafu, na utando huo ndio unaoteleza hasa.

Norwei hawakukataza. Oslo ukitaka misumari unalipia ada. Tuseme ni ustaarabu wa aina yake.

Sasa njoo kwenye pikapu za umeme. Rivian R1T ilianza kufika kwa wateja mwaka 2021, Ford F-150 Lightning ikafuata 2022. Rivian peke yake ina zaidi ya tani 3 bila mzigo, betri ikiwa ndiyo mzee wa uzito. Toleo lake la injini nne linatoka sifuri hadi maili 60 kwa saa ndani ya sekunde kama 3. Wenyewe wakaona hapo wamemaliza: gari nzito, magurudumu yote manne yanasukuma, theluji itafanya nini?

Hapo ndipo watu wengi wanapigwa. Kusukuma magurudumu manne kunasaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya tairi. Uzito unaibana tairi chini ni kweli, ila huo huo uzito ndio unaotakiwa kusimamishwa. Kisha kuna breki ya mota, ile inayorudisha umeme kwenye betri ukiachia pedali. Betri ikiwa ya baridi sana au imejaa, breki hiyo inapungua nguvu, na aliyeizoea anashangaa mbona leo gari haipunguzi mwendo.

Ndiyo maana anayenunua tairi kwa ajili ya barabara ya I-70 ya Colorado, inayopita kwenye handaki la Eisenhower karibu mita 3,400 juu ya bahari, anasoma ubavuni. Alama ya M+S peke yake ni dai tu la mtengenezaji. Ile ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji, iliyoanza 1999 Amerika Kaskazini, lazima tairi ipimwe kwenye theluji kwanza. Halafu namba ya mzigo: 116 maana yake kila tairi inabeba kilo 1,250. Ukishusha namba hiyo kwa kufuata bei, umeidanganya gari. Na umbali unaokwenda kwa chaji moja utapungua, mpira laini unakula umeme.

Colorado inataka kina cha kashata kisipungue kama milimita 5, kuanzia Septemba hadi Mei. Wapo wanaobana bajeti, wanafunga tairi za theluji mbili tu, za nyuma. Kupanda wanapanda vizuri kabisa. Wakianza kushuka, usukani unakunja kushoto, gari inaendelea moja kwa moja.