Kanuni na injini: Mambo mawili ndani ya mchezo mmoja wa kompyuta

WACHEZAJI wa bao wanafahamu kwamba ubao mmoja wenye mashimo 32 unatosha kwa bao la kujifunza na kwa bao la kiswahili pia. Kete ni zilezile 64. Hata hivyo, katika la kwanza kila shimo huanza na kete mbili, ilhali la pili huanza kwa kunamua. Sheria ni kitu kimoja, na ubao ni kitu kingine.

Tofauti hiyo husahauliwa mara nyingi inapozungumzwa michezo ya kompyuta ya kuigiza uhusika, ambayo mchezaji huongoza wahusika wanaozidi kupata ujuzi kadiri hadithi inavyosonga mbele. Ndani ya michezo hiyo, kanuni ndizo zinazoamua iwapo upanga umempata adui na kwa madhara kiasi gani. Injini ni programu inayochora ulimwengu, kuendesha miguu ya wahusika na kutunza saa.

Kanuni nyingi za michezo hiyo zina asili ya mezani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa vitabu, kalamu na dadu. Humo kila mtu husubiri zamu yake, na hakuna anayeharakishwa na saa.

Kampuni ya BioWare ya Kanada ilipotoa Baldur's Gate mwaka 1998, ilichukua toleo la pili la kanuni hizo na kuliweka ndani ya injini iliyoitwa Infinity, ambamo watu wote hutembea na kupigana kwa wakati mmoja. Suluhisho lilikuwa kuifanya raundi ya mezani iwe sekunde sita na kumruhusu mchezaji kusimamisha mapambano atoe maagizo. Zamu hazikufutwa, zilifichwa chini ya saa. Ndiyo maana mgeni wa mchezo huo humwona askari wake amesimama kama aliyeduwaa mbele ya adui, kumbe anangoja nafasi yake ya kupiga ifike.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Icewind Dale ya mwaka 2000 na Icewind Dale II ya mwaka 2002, zote za Black Isle. Injini ilikuwa ileile ya Infinity, lakini ya kwanza ilifuata toleo la pili la kanuni na ya pili ikafuata toleo la tatu.

Katika toleo la pili, kinga bora ni ile yenye namba ndogo. Askari ambaye namba yake ya shabaha ni 20, akimshambulia adui mwenye kinga ya 5, hutoa 5 katika 20 na kuhitaji 15 au zaidi kwenye dadu yenye pande 20. Katika toleo la tatu, adui huyo angeandikiwa kinga ya 15, na askari asiye na nyongeza yoyote angehitaji 15 ileile. Uwezekano haukubadilika: nafasi sita kati ya 20. Kilichobadilika ni urahisi wa kuielewa hesabu, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayechagua ngao ya kununua.

Pamoja na hayo, injini haikukubali kila kitu. Toleo la tatu humpa mpiganaji pigo la bure adui anapomgeuzia mgongo kuondoka, na Icewind Dale II haikuwa na pigo hilo. Temple of Elemental Evil, iliyotolewa na Troika mwaka 2003 kwa injini ya zamu, ililitekeleza sawasawa. Mchezo huo uliingia sokoni ukiwa na hitilafu nyingi, lakini kwa uaminifu kwa vitabu ulikuwa na washindani wachache.

Upande wa pili wa shilingi ni Fallout. Kampuni ya Interplay ilikuwa ikiujenga juu ya GURPS, kanuni za Steve Jackson Games zinazotumia dadu tatu za pande sita, ambazo kati ya matokeo yake 216 jumla ya 10 hutokea mara 27 na jumla ya 3 mara moja tu. Mwaka 1997 makubaliano ya leseni yalivunjika, na Interplay ikalazimika kubuni haraka kanuni zake yenyewe, SPECIAL, zenye sifa saba kuanzia nguvu hadi bahati. Injini ilibaki, na mchezo ukatoka mwaka huohuo. Mwaka 2008 mambo yaligeuka: Bethesda ilitoa Fallout 3 ikiwa na sifa zilezile saba, lakini kwa injini tofauti kabisa, ambapo mchezaji hutazama dunia kwa macho ya mhusika na kulenga kwa mkono wake.

Wakati mwingine tabia za injini huvuja na kuingia katika kanuni. Kampuni ya Larian ya Ubelgiji ilipouza toleo la majaribio la Baldur's Gate 3 mwaka 2020, uwanja wa vita ulijaa moto na tindikali sakafuni, desturi ya michezo yake ya awali ya Divinity. Wachezaji waliozoea vitabu walilalamika, na mambo hayo yakapunguzwa kabla ya mchezo kukamilika mwaka 2023.

Tofauti kati ya vitu hivi viwili huonekana zaidi miaka inapopita. Kanuni zimechapishwa vitabuni, na yeyote anaweza kuzisoma upya. Msimbo wa injini hukaa katika kompyuta za kampuni. Beamdog ya Kanada, iliyotoa upya Baldur's Gate mwaka 2012 na Icewind Dale ya kwanza mwaka 2014, ilieleza kwamba msimbo asilia wa Icewind Dale II haukupatikana. Mchezo huo haukutolewa upya kama wenzake. Wanaojaribu kuuokoa ni wajitoleaji wa GemRB, programu huria inayoijenga injini ya Infinity upya kuanzia msingi, kwa kuchunguza namna mafaili ya mchezo wa zamani yanavyofanya kazi.