Upungufu wa Damu kwa Wanawake Vijana

Upungufu wa damu, au anemia, ni hali ya damu kuwa na himoglobini chini ya kiwango ambacho mwili unahitaji. Himoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu. Hiyo ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha kwenye misuli na ubongo, na ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka mpaka wa gramu 12 kwa kila desilita ya damu. Akiwa chini ya hapo, anahesabiwa kuwa na anemia. Duniani, hali hii humpata takriban mwanamke mmoja kati ya watatu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri huo wakiwa nayo.

Maradhi yaliyopewa jina la rangi

Kabla ya maabara, ugonjwa huu ulisomwa usoni. Kiswahili kina neno *safura*, lililotoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya umanjano, na ndilo jina la upungufu wa damu unaoletwa na minyoo: mgonjwa hupauka, huvimba miguu na kuishiwa nguvu. Ulaya nako walikwenda kwa rangi. Mwaka 1554 daktari Mjerumani, Johannes Lange, aliandika kuhusu "ugonjwa wa mabikira" uliowakumba wasichana, ambao baadaye uliitwa klorosisi, jina lenye asili ya Kigiriki linalotaja ukijanijani wa ngozi. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Blaud alitangaza vidonge vyake vya kutibu klorosisi. Vilifanya kazi kwa sababu moja: vilikuwa na madini ya chuma.

Hesabu ya kila mwezi

Bila madini ya chuma mwili hauwezi kutengeneza himoglobini, na mwanamke kijana huyapoteza kila mwezi. Hedhi ya kawaida hutoa mililita 30 hadi 40 za damu, na kila mililita huondoka na karibu nusu miligramu ya madini hayo. Ndiyo maana miongozo ya lishe ya Marekani humtaka mwanamke wa miaka 19 hadi 50 apate miligramu 18 kwa siku kutoka kwenye chakula, ilhali mwanamume wa rika hilo anatosheka na 8. Msichana aliye bado kwenye kurefuka ana mzigo wa pili, kwani mwili unaokua hudai damu zaidi.

Hedhi ikizidi mililita 80 huhesabiwa kuwa nzito. Nyumbani hakuna anayepima mililita, kwa hiyo wauguzi huuliza maswali mengine. Pedi inajaa kila baada ya saa moja au mbili? Yanatoka mabonge makubwa? Siku zinapita saba? Njia ya uzazi wa mpango nayo huulizwa, kwani kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza damu ya hedhi, wakati vidonge vya homoni kwa kawaida huipunguza.

Damu ina milango mingine ya kupotelea. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa kutoboa ngozi, hasa nyayo zinazokanyaga udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, kisha hung'ang'ania utumbo mdogo. Mnyoo mmoja wa aina kubwa unaweza kumgharimu mtu karibu mililita 0.2 za damu kwa siku, na mgonjwa anaweza kubeba mamia. Kichocho hutoa damu kwenye mkojo. Malaria huvunja chembe nyekundu, na ugonjwa wa selimundu (sikoseli) huzifanya zife mapema, mbali sana na siku 120 ambazo chembe yenye afya huishi.

Dalili

Upungufu wa damu huja polepole, na mwili huuzoea. Aliyekuwa akipanda ngazi za hosteli huku akipiga soga huanza kusimama ghorofa ya pili kutafuta pumzi, moyo ukimwenda mbio. Akiinuka ghafla, kizunguzungu. Darasani usingizi haumwachi, na wenzake humwita mvivu. Mhudumu wa afya huvuta chini ukope wa jicho na kutazama nyama ya ndani, kisha viganja na ulimi, maana kwa mtu mweusi weupe wa ngozi ya uso ni shahidi dhaifu.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi huiona kuwa tabia tu, nayo ni hamu ya kula udongo, barafu au mchele mbichi. Vipande vya udongo mgumu, vinavyojulikana kama *pemba* Tanzania na *odowa* Kenya, huuzwa sokoni na hutafunwa zaidi na wajawazito na wasichana. Hamu hiyo huambatana mara nyingi na ukosefu wa madini ya chuma, lakini udongo hauuponyi. Aina nyingi za udongo hunasa madini hayo tumboni yasifyonzwe, na udongo usio safi huweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi.

Sahani na kikombe

Madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama, maini na samaki hufyonzwa kwa urahisi kuliko yale ya mimea. Kwa wengi, hata hivyo, mlo wa kila siku ni ugali, maharage na mchicha, na hapo linaloliwa pamoja na mlo lina uzito mkubwa. Vitamini C husaidia ufyonzaji: limao lililokamuliwa juu ya mboga, kachumbari ya nyanya mbichi, chungwa, pera au embe baada ya kula. Dagaa waliochanganywa na mboga hufanya kazi hiyo hiyo.

Chai hufanya kinyume. Kikombe cha chai ya rangi kinachoteremshia mlo wa maharage kinaweza kupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma kwa zaidi ya nusu, kwa sababu ya viambato vinavyoipa chai ule ukakasi wake. Kahawa nayo imo. Si lazima kuiacha chai. Inatosha kuisogeza mbele kwa saa moja au mbili baada ya chakula.

Serikali nazo zimeingia jikoni. Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012 ziliagiza viwanda kuongeza virutubishi kwenye unga, madini ya chuma yakiwemo. Mahindi yanayosagwa kwenye mashine ndogo za mtaani kwa kawaida hayapati nyongeza hiyo.

Vinywaji vyekundu

Rangi ingali inaaminiwa. Juisi ya rozela na ya bitiruti husifiwa kuwa "inaongeza damu". Gramu 100 za bitiruti zina chini ya miligramu moja ya madini ya chuma. Uzito huo huo wa dengu zilizopikwa una takriban tatu, na maini ya ng'ombe zaidi ya tano. Juisi hizo hazina ubaya, ila aliyepungukiwa hafiki mbali nazo.

Vidonge na vipimo

Kupima himoglobini huhitaji tone la damu kutoka kwenye ncha ya kidole. Anayeandikiwa vidonge vya madini ya chuma hushauriwa kuvimeza kwa maji au juisi ya chungwa, mbali na chai na maziwa. Choo kuwa cheusi ni jambo la kawaida. Kichefuchefu na kufunga choo pia hutokea. Mwaka 2017 watafiti nchini Uswisi, waliowachunguza wanawake vijana, walionyesha kuwa kidonge cha siku moja baada ya nyingine hufyonzwa vizuri zaidi kuliko cha kila siku. Mwenye selimundu hapaswi kuvianza bila daktari.

Himoglobini ikishafika kiwango chake, dawa huendelea kwa takriban miezi mitatu ili kujaza akiba ya mwili. Na ikiwa baada ya wiki nne za kumeza vidonge ipasavyo haijapanda hata gramu moja, daktari huanza kutafuta kwingine: minyoo, vidonda vya tumbo, uvimbe kwenye kizazi, au selimundu ambayo haijawahi kupimwa.